Mkwe wa Mzee Sila

Munira, nimejifungia stoo ya mashuka. Nimeharibu, shoga yangu.

Si unaijua ile fomu ya kupima kama mgonjwa anaweza kuzuia haja? Nimemuuliza Mzee Sila, yule aliyepooza: "Babu, mkojo unakutoka bila kujua? Na choo kikubwa?" Kwa sauti kubwa, maana hasikii vizuri.

Mama aliyekuwa akimlisha uji nikadhani ni bintiye. Kumbe mkwe wake! Mke wa mwanawe! Mbele ya mkwe, Munira! Kaweka kikombe, kajifunika kanga usoni, katoka.

Mzee kaniambia: "Andika najiweza, mjukuu wangu. Huyo ndiye pekee anayekuja kuniona."

Nimeandika anajiweza. Shuka lililolowa nimelibadilisha mwenyewe. Nimemwacha anatazama mlango, uji unapoa.