Majina Yaliyofutwa Pande Zote Mbili

Jumatatu, 27 Novemba 1995
Bwana Kristofa kafika kutoka Dar, mtaalamu wa kompyuta. Hata chai hajanywa, ameshatucheka. Eti kutoa majina yanayojirudia kwenye rejista za yatima moja moja, kata kwa kata, ni kazi ya konokono! Rejista tunazo tano, Ijuganyondo hadi kisiwa cha Bumbire. Yeye ataandika amri moja, aitume kote kwa mpigo, rejista moja isiisubiri nyingine. Bosi wetu, mzee Mashauri, anaitikia tu.

Jumanne, 28 Novemba
Nimeisoma amri yake. Kila rejista itazame nyingine: mtoto akionekana kwingine, imfute kwake. Nikamwambia ziende kwa zamu. Huku kwetu wazazi wakifa, watoto wanagawanywa kwa ndugu, na kila ndugu anakwenda kuandikisha, kwa nia njema kabisa. Baba mdogo kisiwani, bibi kijijini. Rejista zikitazamana kwa wakati mmoja, kila moja itasema yuko kule — na zote mbili zitamfuta!
Jibu lake: dada Skolastika, hayo tuachie sisi.
Tuachie sisi! Miaka mitatu nayaandika majina haya kwa mikono yangu.

Jumatano, 29 Novemba
Kaituma. Dakika mbili. Makofi ofisi nzima. Nami nikapiga, mjinga mimi.

Alhamisi, 30 Novemba
Nimehesabu. Walioandikwa mara mbili walikuwa arobaini na mmoja. Basi yangepungua majina arobaini na moja. Yamepungua themanini na mawili! Watoto arobaini na mmoja hawapo popote.
Nikaulizia nakala za disketi. Kumbe amri ya kunakili aliituma papo hapo, pamoja na ya kufuta. Haikusubiri pia. Imenakili rejista zilizokwisha kuharibika.
Kristofa ananionyesha kioo cha kompyuta: hakuna jina linalojirudia. Ndiyo, bwana! Litajirudiaje wakati halipo?

Ijumaa, 1 Desemba
Orodha inakwenda wilayani Muleba leo kwa gari la saa nane. Asiyekuwemo hapati nafasi ya shule Januari. Fomu za karatasi zipo stoo, nimeomba siku tatu niziingize upya. Mzee Mashauri kakataa: wafadhili wa ada wanasubiri, waliosahaulika wataingia mwakani.
Waliosahaulika! Nani kawasahau?

Saa tano kaja Bibi Bernadeta wa Ijuganyondo, na mjukuu wake Clotilda, miaka saba. Baba alifia Bumbire, mama akamfuata Pasaka. Bibi kasikia majina yanakwenda leo.
"Waitu, mwanangu, huyu wangu sina wasiwasi naye," kaniambia, anacheka. "Mimi nimemwandikisha hapa, na baba yake mdogo Lameki kamwandikisha kule Bumbire. Yumo mara mbili!"
Nimewakalisha kwenye benchi nje.

Saa nane kasorobo. Orodha iko mezani kwangu. Chini kabisa: karani aliyehakiki, kisha mstari mtupu. Bila sahihi yangu haitoki. Dereva anapiga honi. Mzee Mashauri kasimama hapa mbele, kanyoosha kalamu, anasema Skolastika, weka sahihi tumalize. Kristofa anatazama saa. Kalamu yake siipokei; naandika humu daftarini ili waone mkono una kazi nyingine —