Mnofu wa Mama Yako

Dada Skola,

Nisamehe. Baada ya kukuzika, mama yako alikaa siku nyingi bila kula chakula cha maana, na mpishi nilikuwa mimi. Uji anywe vijiko viwili, aseme ameshiba. Samaki wa mgebuka wa kuchoma amtazame tu, asimguse. Nikaogopa, Dada. Nikaona tutamzika na yeye hapahapa Ilagala.

Ndipo nikakumbuka nyama yako ya nguruwe ya Jumapili. Ule mnofu wa mgongo, maana mama mafuta hataki hata kuyaona, na meno amebakiwa na mawili. Kwa watu wengine mnofu ule ukichomwa unakuwa mgumu kama kandambili. Wako ulikuwa unakatika kwa kijiko.

Basi nikauloweka kwenye maji ya chumvi tangu asubuhi, nikaufunika kwa utandu wa mafuta wa kuondoa baadaye, nikasogeza makaa pembeni. Yote uliyonifundisha, nilidhani nimeyafanya. Ukawa mkavu. Mama akautafuna, akautema kiganjani, akasema taratibu, "Huu si wa Skola." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha hasira zikanipanda, nikakulaumu wewe kwa kufa. Mawe, mama wee, mtu mzima nagombana na marehemu.

Jumapili iliyofuata, vilevile. Ila safari hii nilijiona. Nimechuchumaa, kisu mkononi, nyama bado inafuka moshi, na maji yake yote yanamwagika kwenye ubao. Ndivyo nilivyozoea tangu tulipokimbia Burundi: moto mkali, epua, kata, kula umesimama, maana hujui mtaondoka saa ngapi. Na wewe miaka yote niliyokaa kwako ulikuwa unaninyang'anya kisu. "Weka chini, we Konso. Hapa hakuna anayetufukuza." Unafunika nyama kwa sufuria, unanikalisha mkekani, unanisuka. Mimi nilijua unapenda tu kunisuka. Kumbe ulikuwa unaiacha nyama itulie kabla haijakatwa.

Jana niliuepua mara tu maji yake yalipotoka bila damu, sikungoja zaidi. Nikaufunika. Mikono ikakosa la kufanya, nikatamani sana kufunua. Nikaenda kwa mama yako, nikakaa miguuni pake, nikamwomba anisuke. Vidole vinamtetemeka siku hizi, mistari yote imekwenda upogo, usinicheke. Alipomaliza, nikakata.

Alikula, Dada. Vipande vitano, anatafuna huku analia, na ananiita jina lako. Sikumsahihisha. Niliitika.

Sasa kuna jambo nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Watu wetu wanarudi Burundi. Kaka yangu amejiandikisha, na alitaka kuniandikisha na mimi. Napatamani nyumbani, sikufichi. Kuna siku naisikia harufu ya shamba letu mpaka natoka nje kutazama. Lakini nimemwambia kaka atangulie. Amenuna; acha anune, atanunua.

Nakuaga, dada yangu, maana siku ya mazishi sikuweza. Nenda salama. Mama yako hatakula peke yake. Nitamchomea kila Jumapili mpaka siku atakayokufuata, na nitamlaza ubavuni mwako kwa mikono yangu hii. Ndipo nitafunga mzigo wangu, na hapo nitakuja kukuaga tena, kama mtoto wa nyumba hii anayesafiri.

Konsolata wako