Nilimwambia Afungue Kamera Aangalie

Mshauri wangu Mama Uwamahoro, naomba unisaidie, na ukitaka kunigombeza nigombeze tu, maana hii ni wiki ya sita nimekaa na jambo hili peke yangu na sasa hata kamera yangu sitaki kuigusa.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nilikulia Bukavu, sasa naishi Kamembe na kazi yangu ni kuandaa karatasi za forodha za malori pale mpakani Rusizi ya Kwanza, penye daraja la kuvukia Bukavu, lakini raha yangu ni kupiga picha. Tuna kundi letu la WhatsApp, watu kama sitini wa pande zote mbili za daraja, hakuna hata mmoja anayeishi kwa picha, kuna walimu, kuna muuguzi, kuna Twahiru anayefanya kazi ya simenti kule Bugarama na kila wiki anauliza namna ya kutoa vumbi kwenye lenzi, na humo tunashauriana vifaa na kutaniana mpaka mbavu zinauma. Mtu wa Canon hampi amani mtu wa Nikon. Ukileta ile lenzi ya plastiki inayokuja pamoja na kamera utasikia, "Papa, iyo objektif ni ya kupiga picha ao ya kupimia muchele?"

Tuna desturi moja tunaiita kubatiza, na mimi ndiye niliyeianzisha, sijifichi. Mgeni akiuliza swali lake la kwanza anapewa kwanza jibu la uongo, kwa mfano mmoja aliuliza namna ya kupata picha ya ziwa isiyotikisika akaambiwa ashike pumzi mpaka ahesabu mia mbili, watu wanacheka, halafu yule aliyembatiza anamwandikia pembeni na kumpa jibu la kweli. Sheria ni hiyo, anayebatiza ndiye anayemtoa mtu majini. Miaka mitatu hakuna aliyeumia.

Sasa kuna Maman Bernadette, mjane wa miaka hamsini na kitu, anauza vitenge hapa sokoni na mara nyingine huvuka navyo kwenda Bukavu. Binti yake Vanessa alimnunulia kamera ndogo akamwingiza kwenye kundi, na picha zake zote ni kuku, mvua juu ya mabati na wanawake wenzake wa sokoni, na watu wanampenda sana ila hakuwahi kuuliza kitu. Jumapili moja baada ya misa akaandika: "Bonjour ba papa na ba maman. Niko na apareyi ya marehemu bwana yangu, ya zamani, filme ingali ndani. Naweza jua namna gani kama picha ziko mule?"

Mama, vidole vyangu viliwahi kuliko akili. Nikamjibu: "Maman, ni kitu kyepesi. Fungula mugongo ya apareyi, vuta filme polepole, uiangalie ku dirisha, fasi jua inaingilia. Kama picha ziko utaziona moja moja."

Wasomaji wako ambao hawajawahi kushika filamu waelewe: filamu ambayo haijasafishwa kwa dawa gizani haionyeshi kitu kwa macho hata kama imejaa picha, na ikionwa na jua inaungua. Kila mtu kwenye kundi alilijua hilo, ndiyo maana walicheka, nyuso za kucheka zilishuka kama mvua, na kila mmoja akajua mimi nitamwandikia pembeni. Na nilikuwa nimekusudia, naapa, ila dakika ileile Twahiru akaweka lenzi yake ndefu kwamba anaiuza, ugomvi ukaanza kama ni nzima au imeingia ukungu, nikasema nikimaliza kumjibu Twahiru nitamwandikia yule maman, na sikumwandikia.

Siku ya Jumatano akaja ofisini kwangu na mfuko wa sambaza, vile visamaki vya ziwani. "Papa, Mungu akubariki," akaniambia. "Benye kujua bengi bako, lakini benye kusaidia ni bachache. Nilifungula vile ulisema. Haiko kitu. Rangi ya majivu tu." Nilitaka kusema, nikajishughulisha na karatasi za mezani, na yeye akavuta kiti akaendelea.

Akanieleza kwamba mwaka 2004 mama yake alikuwa mgonjwa upande wa Bukavu, siku ambazo kuvuka daraja kulikuwa na hofu, na yeye alikuwa na mimba kubwa ya Vanessa, basi mumewe Ndagijimana akaenda badala yake na kitenge cha zawadi, akarudi akasema amefika, mama amekivaa kitenge, ameketi mlangoni, amempiga picha tatu. Mama akafariki mwezi uleule na mazishi hawakuyafikia. Filamu ilikuwa haijaisha, Ndagijimana akapiga nyingine chache kwenye ubatizo wa Vanessa, kamera ikakwama, studio za kusafisha picha nazo zikafungwa moja moja, mwisho naye mume akafariki. Maman Bernadette hana picha nyingine yoyote ya mama yake. Aliitunza kamera ile sandukuni miaka yote hiyo, imefungwa kwa kitambaa.

"Sasa nimejua," akasema. "Bwana yangu hakufikaka. Alinidanganyaka. Kile kitenge alikipeleka kwa nani, Mungu njo anajua." Hakulia hata kidogo, alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei, na mimi nikasema pole, Maman, nikapokea sambaza. Nikazipeleka nyumbani tukazila. Mke wangu aliuliza zimetoka wapi, nikasema kwa mteja.

Wiki iliyofuata Vanessa akaniandikia kwa sababu anajua mama yake ananiheshimu: "Papa, saidia kuongea na Maman. Ameshusha picha ya papa ku ukuta, ameisukuma chini ya kitanda. Na misa ya kumbukumbu, miaka kumi, amesema haitaki." Misa hiyo ni mwisho wa mwezi huu. Ndugu walishaalikwa.

Rafiki yangu Hirwa, naye ni wa kundi, ndiye pekee niliyemweleza, akanambia nisijitese. Akaandika maneno mawili matatu kwenye simu na akili bandia ikatoa picha ya bibi ameketi mlangoni, kitenge cha buluu, imechakaa vizuri kama ya mwaka ule, hata mimi niliyejua nilishtuka. Anasema nimpelekee Maman Bernadette, nimwambie nimeiokoa filamu, mume atarudi ukutani, misa itasomwa, kila mtu atalala. Ninayo kwenye simu. Naiangalia kila siku.

Nimejuta mpaka nimechoka kujuta. Nimpe ile picha apate amani? Nijitoe kwenye kundi? Ninyamaze? Filamu imeshaungua, ukweli hautairudisha, na sijui utamfaa nini zaidi ya kumuumiza mara ya pili. Naomba jibu lako, na jina langu usilitaje.

Mimi Mbatizaji,
Kamembe

JIBU

Mbatizaji, kaa chini.

Nianze na kile ninachoweza kukuonea huruma. Utani wenu si dhambi, na hukumtakia mabaya yule maman. Watu sitini waliona jibu lako, kila mmoja akakuachia wewe umtoe majini, na hakuna aliyemsaidia, kwa hiyo mzigo huu si wako peke yako. Ulisahau. Mimi pia nimewahi kusahau sufuria jikoni hadi nyumba ikajaa moshi. Hapo huruma yangu imeishia.

Kwa sababu Jumatano hukusahau. Jumatano mwanamke alikuwa amekaa mbele yako, anamkana mume wake aliyekufa, na wewe ulikuwa na sentensi moja ya kumzuia ukaimeza. Halafu ukameza na sambaza! Unaniandikia kwa uchungu juu ya Jumapili, na kuhusu Jumatano unapita haraka kama mtu anayepita karibu na nyumba ya anayemdai. Utani wako ulichoma filamu. Ukimya wako ndio ulioshusha picha ukutani. Umejuta wiki sita, vizuri, lakini majuto yako yamemsaidia nani? Hata kuku wake hayajawasaidia.

Kuhusu hiyo picha ya Hirwa. Naona unavyoitaka, na naelewa kwa nini. Lakini fikiri, mwanangu. Yule mwanamke anaujua uso wa mama yake. Amenyonyeshwa na uso ule. Utamletea bibi wa watu, naye atamtazama na kujua kwamba si yeye, na hapo atapata ushahidi kamili kwamba wanaume wote wa maisha yake ni waongo, hai na maiti. Na kama macho yamefifia akamkubali, utakuwa umemfanya amwombee mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ifute. Hirwa naye aifute kwake, wewe ukiwa unaangalia. Mwambie mimi nimesema.

Sasa nikuulize swali ambalo wewe, bingwa wa vifaa, hukumuuliza Maman Bernadette. Aliivuta filamu kiasi gani? Yote? Au alifungua, akaona majivu, akafunga? Hujui! Uliona aibu, ukaamua mwenyewe kwamba imekwisha, na barua nzima umeniandikia kama mtu aliyekwisha kuzika.

Mimi sijui kamera, kwa hiyo nilikwenda kwa Mzee Harerimana, aliyekuwa na studio Bukavu kwa miaka mingi na sasa anafuga nyuki. Nilimsomea barua yako bila jina. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, akasema: "Iyo kijana hajawahi kusafisha filme hata moja." Halafu akachukua bendeji ya mjukuu wake, akaizungusha kidoleni akanionyesha. Filamu ndani ya kamera ya namna ile hujizungusha hivi, picha za kwanza zikiwa ndani kabisa, za mwisho zikiwa juu. Mtu akifungua mgongo kidogo, jua linakula za juu. Za ndani zinaweza kupona kama hakuzikunjua. Na picha za mwisho, wewe mwenyewe umeandika, ni za ubatizo wa Vanessa. Za bibi ziko chini yake.

Usishangilie. Mzee amesema pia kwamba filamu ya miaka ishirini imechoka hata isipoonja jua, na kama aliivuta yote kwenye dirisha, hakuna kitu tena. Lakini kila akifungua sanduku akaichungulia tena kwa hasira, anapoteza kilichobaki, na wewe umempa wiki sita za kuichungulia.

Basi fanya hivi. Usimwandikie, usimpigie, nenda kwake Jumamosi asubuhi kabla hajaenda sokoni, na mwombe Vanessa awepo. Usibebe zawadi, zawadi itakupa mahali pa kujificha. Usianze na habari ya ukoo wala hali ya hewa. Sema: Maman, jibu nililokupa lilikuwa utani, filamu ikifunguliwa inaharibika, na ile ambayo haijasafishwa haionyeshi kitu hata kama picha zimo. Sema: nilijua siku ile ofisini na nikanyamaza. Kisha nyamaza, safari hii ili umsikilize. Akikufukuza, toka, ila kabla hujatoka muulize alivuta kiasi gani, na umwombe asiifungue tena. Kamera ifungwe kwa kitambaa cheusi, ikae mahali penye baridi. Mzee Harerimana yuko tayari kuitoa filamu gizani na kuwatafutia mtu ambaye bado anasafisha filamu, na njia ya kumpata nimekuachia hapa ofisini kwetu. Usimwahidi Maman Bernadette kwamba kuna kitu kitaonekana. Umeshamwambia mengi usiyoyajua.

Kundini usijitoe. Kujitoa ni kukimbia kwa miguu ya heshima. Andika pale pale ulipoandika utani, mbele ya wote sitini, kwamba jibu lile lilikuwa la uongo na limemuumiza mtu. Ubatizo wenu sijui kama mtaendelea nao, hilo ni lenu, lakini mtu akileta kitu cha marehemu, hapo hakuna mgeni wala mwenyeji, anajibiwa mara moja na anajibiwa kweli.

Umeuliza ukweli utamfaa nini kama filamu imeungua yote. Hapo ndipo hujaelewa barua yako mwenyewe. Uso wa mama yake huenda hatauona tena, na hilo utaishi nalo. Lakini mume wake unaweza kumrudishia Jumamosi hii hii, bila kusafisha hata picha moja. Misa iko mwisho wa mwezi na Ndagijimana yuko chini ya kitanda.

Akikuuliza kama mumewe alifika kweli kwa mama yake, mwambie hujui, hukuwapo. Lakini filamu haijawahi kusema kwamba hakufika. Uliyesema ni wewe.

Mama Uwamahoro