Jina Uliloondoka Nalo

Mpendwa mume wangu,

Ningependa kuanza na "Mpendwa Baba Fulani", kama wanawake wenzangu wanavyowaandikia waume zao walioko machimboni. Lakini wewe hukutaka kuwa Baba Fulani. Mwanao amefika kukimbia na kuongea jina hana, kwa kuwa jina lenyewe uliondoka nalo wewe kwenda Tunduru.

Unakumbuka asubuhi ile pale Maguu, mimba yangu imeshakuwa kubwa, na kahawa yote tumemuuzia yule mfanyabiashara aliyekuja na mizani yake? Ulifunga begi huku unacheka. Nikakuuliza, "Akizaliwa aitweje?"

"Jina ninalo. Mtoto wa kwanza huitwa kwa upande wetu, na baba ndiye anayelitamka. Nitakuja nalo mwenyewe."

Nikacheka na mimi. Nilikuwa nakupenda, na bado nakupenda, ndiyo maana umenichosha hivi.

Nikateremka ziwani kujifungulia kwa mama, kama tulivyokubaliana. Zahanati ilikuwa na kitanda na nesi, basi. Glavu, wembe, pamba, hata mafuta ya taa, uje navyo. Zamani tulipanga foleni ya sabuni na hatukuipata. Sasa maduka yamejaa na zahanati ndiyo tupu. Mama alizunguka akarudi na vyote kwenye beseni, akanishika mgongo mpaka mwisho. Nesi alipouliza jina, nikasema baba yake anakuja nalo. Akaandika "Mtoto wa Kike", akaniambia nirudi likipatikana.

Lipatikane wapi? Nilipanda hadi kwa mama yako, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jina liko kwa mwanangu. Msubiri."

Katekista naye akasema habatizwi mtoto asiye na jina. Wewe ukatuma kitenge. Ukatuma na redio kaseti, nikaipekua mpaka kwenye betri nikidhani umeficha kikaratasi. Salamu zako zilikuwa zilezile: "Jina halitumwi kama kifurushi. Naja." Nilikasirika nikaifungulia redio yako sauti ya juu mpaka betri zikaisha.

Juzi tulikwenda kliniki, mimi, mama na mtoto. Kuna nesi mpya, anabadilisha kadi zilizochakaa. Akamwinamia mwanao. "Unaitwa nani, mama?"

Akajibu taratibu, "Baba analo."

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi, na hapo nikakuchukia, mume wangu, sikufichi.

Nesi alikuwa anasubiri, kalamu mkononi. "Andika Edina," nikasema.

Ni jina la mama yangu. Mama akageukia ukutani akajifanya anasoma matangazo, na kusoma hajui.

Njia nzima mtoto alikuwa akilirudia. Aliwaambia mbuzi, akawaambia wanawake waliokuwa wanaanika dagaa, akamwambia mama mwenyewe, kana kwamba mama halijui. Kwa hiyo hata ukija na hilo lako sasa, umechelewa. Lishike vizuri. Ukirudi tutaona kama kuna wa pili wa kumpa.

Uangalie shimo lisikuporomokee, na ule vizuri. Kwaheri, Baba Edina.

Ni mimi mkeo,

Mama Edina