Jina Lile Lile, Waonje Kwanza

Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Na biashara ya asali hapo Majengo inakwendaje? Mimi huku ni mzima wa afya, ila nina hasira, na nimeona bora nikusimulie wewe kuliko kuzimwaga kazini.

Unaikumbuka gemu yetu ya kwanza, ile ya ndege anayewaongoza watu kwenye asali, uliyoichezea kwenye simu ya Shangazi. Mchezaji akila sega lote asimwachie ndege fungu lake, safari inayofuata ndege anampeleka kwa nyoka. Hayo niliyatoa kwa Mjomba kule Inyonga, na watu waliyapenda mno. Kampuni ikapata jina. Bosi wetu akalewa sifa, ya pili akaitoa mbichi, inakwama kila hatua, akiamini mashabiki watanunua chochote chenye jina letu. Walinunua kweli. Kisha wakatutukana mpaka basi.

Sasa tumemaliza ya tatu, na hii nimeisimamia mwenyewe. Ni nzuri, Mama, nakuapia. Lakini tulipotangaza tu, kabla mtu hajaigusa, mashabiki wakaandika mtandaoni, "Matapeli wamerudi." Bosi akaogopa. Akaitisha kikao, akasema tuitoe kwa jina jipya lisilojulikana.

Nikakukumbuka wewe, mwaka ule Mjomba alipozidisha moshi wakati wa kurina, asali yako ikanuka na mji mzima ukasema. Wenzako wakakushauri uhamie soko lingine, ukauze kwa wasiokujua. Ulikataa. Msimu uliofuata ulikaa palepale, ndoo wazi, kila apitaye unamdondoshea kiganjani aonje, hata yule mama aliyekutangaza vibaya. Wanasema kizuri chajiuza. Mimi nasema kizuri chenye jina baya hakijiuzi, kinaonjeshwa.

Basi nikasimama mbele ya wote. "Jina libaki. Tuwape sehemu ya kwanza bure waonje. Wakiitema, naacha kazi."

"Hii si asali, Zaituni," bosi akasema. "Watu wakikuchoka, wamekuchoka."

Nikamwambia kuchokwa si kufa. Mwenzangu mmoja akaanza kuniunga mkono, kisha wote. Bosi akakubali shingo upande. Inatoka Ijumaa, jina letu juu kabisa, kwa herufi kubwa. Naogopa, sikufichi, maana kazi hii naipenda. Lakini kujificha sijifichi.

Msalimie Shangazi, mwambie afute zile video zake, simu ipate nafasi ya gemu mpya. Mjomba mwambie ndege wake yumo tena, na bado hasahau. Mdogo wangu naye aache kujibizana na watu mtandaoni kwa ajili yangu, awaache waonje.

Na wakiitema, Mama, niwekee kigoda pembeni yako. Nitakaa hapo na nitatengeneza ya nne, kwa jina langu lile lile.

Mimi mwanao nisiyehama kibanda,
Zaituni