Kiwaya Kilichobaki Ndani

Jumanne, 4 Juni

Chai ya rangi, mkate wa jana. Karakana nimefungua mapema. Mashine ya kupimia gesi ya wachimbaji wa Lusu, kihisi chake, kile kinachonusa gesi, kimechoka. Nimebadilisha. Kuzima, kutoa betri, kushika bomba la maji kwanza ili umeme wa mwilini utoke, kisha kihisi kipya bila kugusa uso wake. Halafu kinaachwa kitulie, ndipo unakipulizia gesi ya majaribio mpaka king'ora kilie.

Huko sikufika. Zuhura alikuwa anapita na treni ya Kigoma. Mwanangu wa pekee. Nikabandika karatasi ya IMEPIMWA, nikakimbilia stesheni.

Mabehewa yote nimechungulia. Hakuwemo. Aliahirisha safari, akasahau kuniambia.

Jumatano, 5 Juni

Shija kaja kuchukua mashine. Ndiye msimamizi wa duara, shimo lao la dhahabu. Miaka yote wao wanatanguliza kuku shimoni kwa kamba. Kuku akilegea, hakuna anayezama. Kasoma karatasi yangu, kacheka. "Fundi, kuku wetu umewastaafisha!"

Nimecheka naye. Nilitaka kusema ngoja niipime kwanza. Sikusema. Niliona aibu, karatasi ilishabandikwa.

Nimekula peke yangu. Ugali umebaki.

Alhamisi, 6 Juni

Nilikuwa nafagia meza. Kihisi kipya kinakuja na kiwaya chembamba kinachounganisha miguu yake. Lazima kitolewe kabla ya kufunga. Huwa nakitupia kwenye kifuniko cha kopo la kahawa. Kifuniko kitupu. Nimepekua hadi pipa la taka. Hakuna.

Kiwaya kiko ndani. Mashine itasoma sifuri hata gesi ijae.

Simu ya Shija haipatikani. Basi hadi Nzega, bodaboda hadi Lusu. Mashine inaning'inia shimoni. Sifuri. Pampu ya maji inatema moshi pale pale mdomoni mwa shimo. Masanja, mchimbaji wao, yuko chini. Nikapiga kelele avutwe. Kapandishwa kalegea kama gunia. Katapika. Kamwita Shija mama.

Yuko hai. Kapelekwa hospitali.

Wakanishukuru. Eti nimeoteshwa. Mzee mmoja kaniombea dua, nami nikaitikia amina. Mimi ni mnafiki.

Ijumaa, 7 Juni

Nimelala gesti Nzega. Kulala ni jina tu.

Asubuhi hospitali. Masanja amekaa, mkewe anamnywesha uji. Mkewe kaniona, kapiga goti. "Shikamoo baba. Mungu akuzidishie." Ikanishinda. Nimesema yote, Shija naye yupo. Kiwaya. Karatasi. Treni.

Mke kanyanyuka, kanigeuzia mgongo. Masanja kafumba macho. Shija kanitazama mpaka nikatamani anipige.

"Wale kuku tuliwala, Fundi," kasema. "Jioni ile ile niliyorudi na mashine yako. Tukawala huku tunakusifia."

Nimeomba nirudi na mashine niitengeneze. Kanipa bila kuniangalia. "Leta. Ila uje na kuku. Na utawashusha wewe mwenyewe."

Nimewahi swala nyumbani Tabora, safu ya mwisho.

Jumapili, 9 Juni

Kiwaya nimekitoa jana. Kimo kwenye kifuniko. Kihisi nimekiacha kitulie mpaka leo. Sikuwa na pa kukimbilia.

Mchana nimepuliza gesi ya majaribio. King'ora kimelia. Sikukizima upesi. Kuku wawili niliowanunua sokoni wamefungwa chini ya meza, wakapiga mabawa, vumbi likajaa. Karatasi sijabandika. Gesi ya majaribio nitabeba, Shija asikie king'ora mwenyewe.

Nimempigia Zuhura. Kauliza kelele za nini.

"Kuku."

"Makubwa! Baba, umeanza kufuga?"

Nimemwambia wa watu, kesho nawapeleka Lusu. Kwa nini, sikumwambia. Kasema pole kwa ya treni. Nikasema haina neno. Ina neno, lakini si lake.

Nimewamwagia mchele. Wanadonoa taratibu. Humu ndani ni sauti hiyo tu.