Kurasa Sabini na Mbili za Ng'ombe

Jumatatu, 4 Aprili 1949. Kitale.
Kurasa sita leo, saa ya chakula, juu ya magunia ghalani. Vidole vinauma. Kitabu cha ufugaji niliazimwa na mwalimu wangu wa zamani kule Lugulu. Sharti lake: kirudi kabla ya Pasaka, wengine wanakingoja. Basi nanakili neno kwa neno, kama shuleni. Yeye aliandika ubaoni, sisi tukaandika. Aliyeruka neno alichapwa.

Maneno mengine ya Kiingereza siyajui. Nayanakili hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Aprili.
Daftari la pili linakwisha. Nimeacha kuandika vichwa vya sura ili nisimalize karatasi. Mistari nimeibana.

Karani mwenzangu Kamau alichungulia akacheka. "Ati unasoma, ama unahamisha kitabu?" Nilikasirika. Yeye ng'ombe hana. Sisi tunaye mmoja tu, aliyekuja kwa mahari ya dada yetu, na Agosti anakwenda kwa wakwe wa mdogo wangu Wafula. Bila yeye hakuna harusi.

Lakini ukiniuliza nilichoandika jana, sijui.

Alhamisi, 14 Aprili. Lugulu.
Nimerudisha kitabu. Mwalimu aliuliza nimepata nini humo. Nikamwonyesha madaftari matatu, kurasa sabini na mbili. Akayafunua, akauliza tena, "Umepata nini?" Swali hilo la pili limenichoma.

Jumatatu ya Pasaka, 18 Aprili. Nyumbani.
Ng'ombe amekufa.

Mvua ilinyesha alfajiri. Alikata kamba akaingia kwenye viazi vitamu, akala majani mabichi mpaka tumbo likavimba upande mmoja. Wafula alikuja mbio na kisu cha kulitoboa. "Kaka, wewe si umesoma? Sema basi!"

Nilijua nimeandika. Daftari la kwanza: kupe, maziwa, kupe tena. La pili: maneno yamebanana, hakuna kichwa, hakuna pa kuanzia. Mama alimtembeza ng'ombe, akamnywesha mafuta, akaita jina la Yesu. Wafula alisimama na kisu mkononi akinitazama mimi. Hakujua achome wapi. Mimi nafunua tu. Ng'ombe alianguka nikiwa nafunua.

Jumanne, 19 Aprili.
Nimeipata dawa ya tumbo kuvimba. Daftari la tatu, kati ya chumvi na kwato. Upande wa kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, choma, hewa itoke. Mstari mmoja. Mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, bila kosa hata moja.

Najichukia. Harusi imeahirishwa, hakuna anayesema mpaka lini. Wafula hanisemeshi. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Jumamosi, 30 Aprili. Kitale.
Nimeanza upya. Ukurasa mmoja kwa ugonjwa mmoja, jina lake juu kwa herufi kubwa. Nasoma, nafunga daftari la zamani, kisha naandika ninachokumbuka, kwa maneno ya nyumbani. Nisichokielewa sikiandiki. Kurasa sabini na mbili zimetoa nne. Nne! Na wiki zote zile nilijiona msomi.

Jumamosi, 14 Mei. Nyumbani.
Mvua ndogo. Jirani ametuachia ndama wake tumchunge. Nilikuwa namfunga ndama, Wafula akaja, akasimama kando. Kisha akauliza, "Hiyo kisu inaingiaga wapi?"

Nikamshika mkono, nikauweka ubavuni pa ndama. Akabonyeza. Akaondoa mkono, akapatafuta mwenyewe mahali pale, akanitazama. Nikamwambia ndipo.

Daftari lilikuwa ndani ya nyumba. Sikulifuata.